Kaya Moja ya Loma Parda

Loma Parda, 3 Machi 2004

Evelio mdogo wangu,

Diski anayo Mzee Abelino wa lori la maziwa. Nimeifunga ndani ya mfuko wa unga nikamwambia asiikalie, maana unamjua anavyokalia vitu vya watu. Ningekupigia simu, lakini kila ninachosema pale dukani kinafika kanisani kabla yangu.

Nimeandika kama ulivyotaka: kila kaya mstari wake, kila habari itengwe na nyingine kwa mkato, pasiwe na rangi wala visanduku, kwa sababu eti mashine yenu inameza maandishi matupu tu. Kompyuta ya shule ilizimika mara mbili nikaanza upya mara mbili. Nimezunguka nyumba zote arobaini na sita kwa miguu yangu. Nimeanzia kwa Doña Zoraida, maana duka lake ndiyo nyumba ya kwanza mtu anapotoka barabarani, nikamalizia kwetu huku juu. Jina la mwenye kaya, watu wangapi, ufa wa ukutani upana gani. Vitambulisho sikuandika vyote. Bibi wengine vyao vimeliwa na panya, na Mzee Críspulo anasema chake alikiacha kwenye suruali aliyomzikia ndugu yake.

Safu ya simu ulisisitiza isibaki tupu hata mstari mmoja. Sawa bwana mkubwa. Nimewaandikia wote namba ya dukani, kama tunavyofanya zahanati na kwa mbegu za viazi. Wewe mwenyewe umekulia kwenye namba hiyo.

Sasa nisikilize, utani pembeni. Mlima unashuka. Ufa wa nyuma ya kanisa mwaka jana ulikuwa wa kidole, leo nimeingiza mkono mpaka kwapani. Mama anasema amezaliwa hapa na hapa atafia, lakini nimeona siku hizi analala na viatu miguuni. Miguu yenyewe imevimba, hawezi kukimbia hata hatua kumi. Nyumba mpya za bondeni ndiyo njia yetu pekee, na asiyekuwa kwenye orodha hatapewa. Tafadhali, Evelio. Wewe ndiye macho yetu humo ofisini.

Simbilisi wamezaa. Mama anakuwekea mmoja mnono, ukija utachomewa.

Dada yako,
Deyanira


Santa Brígida, 12 Machi 2004

Mwalimu wangu mkali, shikamoo,

Diski imefika ikinuka unga na tumbaku ya Mzee Abelino. Imefunguka vizuri. Nimekusifu mbele ya wenzangu: vijiji vingine vimeleta orodha zenye maua pembeni, kimoja kimechora bendera. Yako ilikuwa safi, dada.

Acha nikueleze kazi ya mdogo wako, ujue kwamba yule ng'ombe mliyemuuza nikasome hakupotea bure. Nimejenga kanzidata nzima peke yangu, kwenye kompyuta ileile ya mezani ambayo kabla yangu walikuwa wanachezea karata. Maandishi ya vijiji vyote yanaingia mlango mmoja na kukaa kwenye jedwali moja. Kila kaya lazima iwe na kitu kinachoitambulisha, kisichofanana na cha mwingine, ili mtu asijiandikishe mara mbili akala nyumba mbili. Vitambulisho vyenu vina mapengo, umesema mwenyewe. Kitu pekee kilichojaa kwenye kila mstari ni simu. Basi nikaifanya simu ndiyo ufunguo. Mhandisi Larrahondo alinipiga bega akasema, "Huyu kijana ana akili!" Mbele ya watu, Deya.

Ya kwenu niliiingiza mwisho, Ijumaa, watu wameshaanza kuvaa makoti. Mashine ikalalamika kidogo kwamba kuna mistari inajirudia na haitaipokea, je, niendelee? Nikabonyeza Ndiyo. Hata ukiwa mwangalifu namna gani kuna vitu mtu anaandika mara mbili, usione haya, vijiji vyote vilikuwa navyo viwili vitatu.

Mkataba wangu unaisha Juni. Mhandisi amenidokeza kwamba orodha ikitoka bila kelele, ataniombea ajira ya kudumu. Niombeeni na ninyi.

Mwambie Mama avue viatu alale. Mwezi wa saba atakuwa na sakafu ya saruji.

Ndugu yako,
Evelio


Loma Parda, 2 Mei 2004

Evelio,

Orodha imesomwa leo baada ya misa. Padri amesoma kijiji baada ya kijiji. El Guayabo nyumba thelathini. Tres Esquinas ishirini na tisa, wale ambao mlima hauwafikii hata kwa ndoto. Kisha akasema, "Loma Parda," akakohoa, akageuza karatasi, akarudi. "Loma Parda, kaya moja. Zoraida Pasichaná."

Moja! Watu walicheka kwanza. Walidhani padri amefungua kinywa akiwa bado na divai. Akasoma tena. Hapo nikasikia mama mmoja nyuma yangu anasema, "Mwenye duka hashibi." Basi ikawa kama nyasi kavu na kiberiti. Críspulo alisimama akauliza, "Zoraida, umewapa nini? Kuku wangapi?" Naye akabaki ameshika shali yake, anasema, "Sijui. Mimi sijui. Namuapia Bikira sijui." Hakuna aliyemwamini. Na mimi sikumwamini, sikufichi. Mjane hana mtoto, ana duka la jiwe lenye msingi mzuri kuliko nyumba zetu zote, na ndiye pekee anayepewa nyumba? Lisemwalo lipo.

Tangu mchana hakuna anayenunua kwake. Vijana wamemwaga mafuta ya taa kwenye gunia lake la viazi. Nimewaona na sikuwakataza.

Nenda uangalie, ndugu yangu. Uliza amekuja kwa nani, lini, na nini mkononi. Wewe uko ndani, utajua. Na kama orodha inaweza kurudishwa, irudishwe sasa. Mvua haijakatika tangu Jumatano na mlango wa darasa haufungi tena, fremu imepinda. Kuna watoto kumi na tisa ndani ya darasa hilo.

Mama hajui bado. Nimemwambia majina yanasomwa kwa zamu.

Deyanira


Santa Brígida, 11 Mei 2004

Dada mpendwa,

Barua yako imenisikitisha sana. Huku kuna kazi nyingi mno, ndiyo maana nakujibu kwa ufupi.

Orodha imeshasainiwa na meya na imekwenda jimboni. Ikifika huko hairudi. Viwanja vimeshagawanywa kwa kufuata majina, na misingi imeanza kuchimbwa. Nimeuliza, nimejibiwa hivyo. Mambo haya yana ngazi nyingi na mimi niko kwenye ngazi ya chini kabisa, kijana wa kompyuta tu.

Kuhusu Doña Zoraida, mimi sikumwona ofisini. Lakini siwezi kuwa kila mahali, na watu huzungumza na wakubwa nje ya ofisi pia. Sijui alizungumza na nani. Usiniweke kwenye maneno hayo, nakuomba.

Kuhusu Mama usiwe na hofu, kuna njia naitafuta.

Wako,
Evelio


Loma Parda, 20 Mei 2004

Evelio wewe mtoto,

Mimi si mtu wa barua. Mkono wangu umezoea mizani. Utavumilia.

Dada yako amewasomea watu barua yako pale bombani. Amesoma, "Sijui alizungumza na nani." Wamesema, mmesikia? Hata mtoto wake wa ubatizo anajua kuna kitu.

Nimekushika kwenye maji ya ubatizo mwenyewe. Ulilia ukanikojolea gauni la watu, nilikuwa nimeliazima. Ulipokuwa unasoma huko mjini ulipiga kila Jumapili, na mimi nilikuwa natoka mvua inyeshe jua liwake, napanda mpaka kwenye jiwe, naita, "Mercedes! Mwanao!" Mpaka mama yako ashuke na miguu yake ile, senti zako zilikuwa zimekwisha. Nani alikuwa anakupigia tena kwa gharama yake? Sikudai. Sidai leo.

Nakuuliza neno moja tu. Mimi nimekanyaga ofisi yenu lini? Sikukanyaga. Huyo mhandisi simjui kwa sura, akipita hapa nitamuuzia sigara kama mtu mwingine. Waambie hivyo. Andika karatasi, tia muhuri, mpe Abelino. Nimewaambia nyumba hiyo nampa mwalimu awaweke watoto, wakasema nyumba ya rushwa haina baraka. Juzi wamekata waya wa simu. Wamekata wao, wenye mama wagonjwa wao! Nikacheka peke yangu mpaka nikalia.

Mtu akinipita dukani anatazama upande wa pili. Nimeishi hapa miaka sitini na mmoja, Evelio. Kufa naweza. Hili siliwezi.

Mama yako wa ubatizo,
Zoraida


Loma Parda, 1 Juni 2004

Evelio,

Jana nilikuwa Santa Brígida. Wewe ulikuwa umekwenda na mhandisi kuonyesha viwanja. Afadhali, maana sijui ningekufanya nini.

Nilikwenda kumkamata Doña Zoraida. Ndivyo nilivyokuwa nimejiandaa njia nzima juu ya madebe ya maziwa: nitawaomba wanionyeshe saini yake, kuku wake, chochote. Yule msichana wa mezani kwako, Yolima, akanikaribisha kahawa. Akasema yeye hajawahi kumwona huyo mama, lakini tuangalie. Akafungua kanzidata yako akatafuta Loma Parda. Mstari mmoja. Nikamwambia niliandika mistari arobaini na sita, na diski yangu mnayo. Akaitoa kwenye droo, akafungua, yote yamo. Na jina letu limo, la mwisho, kama nilivyoliweka.

Akatazama safu ya simu. Akashuka nayo kwa kidole juu ya kioo, polepole, kisha akasema, "Mwalimu, mbona wote namba moja?" Nikamjibu, kwa sababu simu ni moja. Akashika mdomo. Msichana wa mjini, kwao kila chumba kina simu yake, lakini alielewa kabla sijamaliza sentensi. Mashine ilimpokea wa kwanza mwenye namba hiyo. Wengine wote iliwaona ni Zoraida anayejirudia.

Nikarudi nyumbani nikatafuta barua yako ya Machi. Umeandika mwenyewe, kwa majivuno. Iliuliza, na ukabonyeza Ndiyo. Watu mia mbili na kitu, Evelio, na ulikuwa unawahi koti.

Hilo ningekusamehe. Kosa ni la watu, na hata mimi niliandika namba ile bila kufikiri. Lakini wewe si Yolima. Wewe umepigiwa kelele kutoka kwenye lile jiwe maisha yako yote. Ulijua tangu barua yangu ya Mei ilipofika, usinidanganye, ulijua kabla hujaimaliza. Ukaandika, "Sijui alizungumza na nani." Na mimi nikaenda kuisoma bombani! Wewe ulichonga mkuki, mimi nikaurusha. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakitafuta dukani.

Nataka jambo moja. Jumapili panda na Abelino. Baada ya misa simama mbele ya watu useme ilivyokuwa, kwa kinywa chako, Doña Zoraida akiwepo. Kisha twende wote kwa meya na diski mkononi. Labda haitasaidia. Lakini tutakuwa tumekwenda.

Deyanira


Santa Brígida, 4 Juni 2004

Deya,

Umesema kweli yote, sina la kukataa. Nilijua Mei. Nilikwenda kwa mhandisi siku ileile, nikamwambia, nikiwa nimeshika barua yako. Alifunga mlango. Alisema jina lake ndilo lililo chini ya orodha, si langu, na kwamba vijiji vingine vimeshaanza kubeba mawe, tukifungua tena kila mtu atadai na mwaka utaisha. Akasema, "Kijana, chagua: kosa la mashine ambalo hakuna anayelijua, au kosa lako ambalo kila mtu analijua." Nikachagua. Ungekuwa wewe ungechagua vingine, najua, ndiyo maana wewe ni wewe.

Jumapili siwezi kuja. Jumatatu wanasaini mikataba ya ajira. Nikisimama hapo kanisani, habari itafika hapa kabla ya lori, nitakuwa sina kazi na ninyi mtakuwa bado hamna nyumba. Faida ya nani?

Lakini sikukaa bure. Kuna karatasi ya nyongeza, kwa kaya chache zilizosahaulika, na mhandisi amenipa nafasi moja. Moja tu. Nimeandika jina la Mama. Niliandika kwa mkono wangu, mstari peke yake, nikautazama ukiingia. Nyumba namba saba, karibu na barabara, hakuna ngazi. Lori la kumchukua litakuja Jumamosi asubuhi. Njooni wote wawili, wewe umo kwenye kaya yake.

Nakuomba, dada, barua hii ichome. Damu nzito kuliko maji. Zoraida ana nyumba yake, ataizoea, na watu watasahau. Sisi tumpate Mama kwanza.

Mdogo wako, bado,
Evelio


Loma Parda, 8 Juni 2004

Evelio,

Mama ameshafika, kwa hiyo unajua kwamba Jumamosi nilimpandisha kwenye lori. Nilikaa na barua yako usiku kucha. Nilitaka kuikataa nafasi yako, niitupe usoni kwako na mawe juu yake. Kisha nikamtazama akijaribu kuvuka uwanja kwenda kwa simbilisi, amejishika ukuta, na ukuta wenyewe unahitaji wa kuushika. Nikashindwa. Ulijua nitashindwa. Hilo nalo sitalisahau.

Nilimpeleka Jumamosi makusudi, ili Jumapili asiwepo.

Jumapili nilisimama mimi. Sikuichoma barua yako, niliisoma yote, hata mahali unapoomba ichomwe. Hakuna aliyepiga kelele, na nilikuwa nimezitarajia kelele. Nilipomaliza Críspulo aliuliza, "Kwa hiyo bado hatumo?" Nikamwambia, bado hatumo. Akavaa kofia yake akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja. Walikuwa na adui waliyemjua nyumba yake, mimi nimewanyang'anya na sikuwapa kitu mahali pake.

Doña Zoraida hakuwepo. Alikuwa ameondoka Ijumaa alfajiri, kabla ya Abelino kuwasha lori alikuwa ameshakaa juu ya magunia. Wanawake watatu walikwenda dukani baada ya misa, sijui kuomba radhi au kuona tu. Walikuta mlango wazi, sukari imepimwa kwenye vifuko, kila kifuko na jina la aliyekuwa ameagiza kabla ya Mei. Hawakuvigusa. Mimi nimechukua chetu, kwa sababu tulikilipia. Nimeandika barua kwake pia. Nimeirarua mara tatu. Nitamwambia nini, kwamba nilikuamini wewe kuliko yeye kwa sababu tulinyonya ziwa moja?

Kesho nakwenda kwa meya na diski. Wanaume wanne wananisindikiza, tutashuka kwa miguu. Ukituona kwenye korido usijifanye hutujui, wala usinisalimie.

Sikuja na Mama na sitakuja. Mlango wa darasa nimeung'oa kabisa ili watoto wasibanwe humo. Tunafundishana nje, kwenye uwanja wa mpira, upande wa mbali na mlima. Mvua ikinyesha nawarudisha makwao, na makwao ndiko kubaya zaidi, hilo nalo nalijua. Lakini hawa nami tuliachwa nje ya mlango mmoja. Mtu haondoki peke yake.

Sasa la Mama. Anaamini wewe ndiye uliyepambana. Njiani kwenda kwenye lori alikuwa anawaambia wote waliomuaga, "Mwanangu amenitafutia nyumba, mwanangu ana akili za vitabu." Walimjibu, "Ndiyo, Doña Mercedes." Kila mmoja wao, na wengine walikuwa wanajua tayari, maana Yolima naye ana shangazi huku. Hakuna aliyemwambia neno. Nami nilipomfunika blanketi aliniuliza kwa nini Zoraida alipata na sisi hatukupata, nikamwambia ni karatasi zilichelewa, na wewe hukulala mpaka zilipopatikana. Nimedanganya kwa ajili yako mara moja, kwa mama yangu, na sitarudia. Usiiharibu. Atakapokupikia, kula. Atakapokusifu mbele ya majirani, nyamaza usikie mpaka mwisho.

Alishika mkono wangu dirishani lori likiwa limeshaanza kusogea. Alisema nisiache kukuandikia, nikupe shukrani za kijiji kizima.

Nimeandika.

Deyanira